Ngano Iliyovuliwa Nta

Jumamosi, 12 Mei 1984. Kalyna, Saskatchewan

Leo tumepima shamba. Nestor alishika ncha moja ya kamba, mimi nyingine, upepo ukatupokonya kofia zote mbili tukaanza kuzifukuza kama watoto. Mdogo wangu huyu ana miaka thelathini na sita na bado akicheka anafunga macho. Nimefurahi kuwa nyumbani.

Kazi yenyewe si ya kucheka. Mwaka jana familia tano za hapa, ya Nestor ikiwamo, zilitia ardhini dawa mpya ya kuua gugu liitwalo oti-mwitu. Oti-mwitu ilikufa kweli. Lakini ulipokuja upepo wa joto wa Julai, ngano ikanyauka siku chache tu, wakati ngano ya wasiotumia dawa ilikuwa bado imesimama. Kampuni ikasema ni ukame. Wakulima wakasema ni dawa. Ndipo Nestor akaja Saskatoon, mpaka maabara kwangu, kofia mkononi. "Dada, wewe ndiye unayejua mafuta ya ndani ya jani. Usipotusaidia wewe, nani?"

Basi tumekubaliana, wakulima na kampuni: shamba moja la Nestor, vipande viwili, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Kimoja kina dawa, kingine hakina. Mimi nitapima nta na mafuta ya majani. Agosti tutakutana ukumbini kanisani, na nitakachosema kitaheshimiwa na pande zote. Familia tano zinasubiri fidia. Teklia Sawchyn, mjane, ameshauza ng'ombe.

Dukani Mzee Prokip Baran, jirani yetu, alinitaka nimweleze kwa lugha ya watu. Nikamwambia jani la ngano limevaa koti la nta, ndiyo maana kwa mbali linaonekana la kijivu-buluu. Nta ni mafuta marefu. Jani huyaunganisha kidogo kidogo. Nadhani dawa hii inalizuia jani kurefusha mafuta yake, koti linakuwa jepesi, maji yanatoka.

"Kwa hiyo ngano yangu ilikuwa inatembea uchi?"

"Karibu na uchi, mzee."

"Na padri kapita pale kila Jumapili asiseme kitu!"

Nilimwona Nestor akipulizia kipande cha dawa na kukivuruga kwa haro, reki kubwa ya kuvutwa na trekta. Kile kisafi tumekiwekea vigingi vyekundu. Kesho asubuhi atapanda. Mimi narudi mjini jioni hii.

Jumatano, 16 Mei

Mvua nzuri. Mama amepiga simu kusema tu kwamba inanyesha.

Jumamosi, 9 Juni

Ngano imefika kwenye goti la mtoto. Niliogopa kwamba kipande kisafi kingemezwa na magugu, maana hilo nalo lingeharibu kipimo, na tulikuwa tumesema magugu yang'olewe kwa mkono. Nimefika nikakuta kisafi kweli kweli, hata bua moja la oti-mwitu halipo.

"Mimi na Darlene," Nestor akasema. Darlene ni mke wake. "Tumeinama humo wiki nzima. Mgongo huu si wangu tena, nauazima."

Nilimkumbatia. Darlene alikuwa anaanika nguo, hakugeuka. Nikafikiri amechoka.

Mama alipika piroge, vifurushi vya unga vyenye viazi ndani, akanijazia sahani mara mbili. "Ndugu yako anakupenda," akasema. "Usimsahau ukiwa huko na vyupa vyako."

Jumatatu, 18 Juni

Tumekata majani, mimi na Bi Verna Thiessen. Verna ni fundi wa maabara yangu tangu nilipoanza kazi. Ni Mmenonaiti, Mprotestanti wa dhehebu dogo, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, huimba nyimbo za kanisani puani akiosha vyombo. Njiani kurudi nilimweleza jinsi Nestor na mkewe walivyong'oa magugu. Verna akasema, "Kwa mikono? Shamba lote lile?" Nikamwambia si kila mtu anahesabu saa za kazi. Hakuimba tena mpaka tulipofika.

Jumatano, 20 Juni

Joto. Klorofomu ya maabara inanuka mpaka kwenye nywele.

Alhamisi, 28 Juni

Sielewi.

Unachovya jani kwenye klorofomu kwa muda mfupi, nta inatoka, unakausha, unapima. Kisha unalisaga jani lenyewe na kutoa mafuta yake ya ndani, unayadondosha kwenye bamba la kioo lenye unga mweupe, yanapanda na kuachana, kila aina na doa lake. Nimefanya hivi nusu ya maisha yangu. Nilitegemea kipande kisafi kiwe na nta nene na mafuta marefu, cha dawa kiwe na nta haba. Vimelingana, na si kwa karibu tu: ni mapacha. Na vyote viwili vina nta haba.

Nilimwuliza Verna kama alichanganya lebo za mifuko.

"Sikuchanganya."

"Una hakika? Siku ile ulikuwa umenuna."

Alivua glavu moja baada ya nyingine. "Orysia, nimenuna mara nyingi katika chumba hiki. Lini nilichanganya lebo?"

Nikasema maneno ambayo sitayaandika.

Ijumaa, 29 Juni

Verna ameomba ahamishiwe maabara ya udongo. Amekubaliwa. Ameondoka na kikombe chake.

Alhamisi, 5 Julai

Wiki hii nimekata majani upya peke yangu, nimeweka lebo peke yangu, nimepima peke yangu. Jibu ni lile lile. Mapacha.

Jumamosi, 7 Julai

Naandika jikoni kwa Mama baada ya chakula cha mchana.

Nilifika asubuhi mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Jani la ngano lenye nta yake halilowi: maji hukaa juu yake kama shanga, ukiligusa yanabingirika. Niliingia kipande cha dawa. Maji yametandazika kwenye majani kama yaliyopakwa. Hilo nilitegemea. Nikavuka vigingi vyekundu nikaingia kipande kisafi. Yametandazika vile vile. Nilitembea nikigusa jani baada ya jani na kila moja lilikuwa na rangi ya kijani kinachong'aa, rangi ya jani lililovuliwa.

Ndani ya kipande kisafi kuna rundo la mawe ambayo marehemu Baba aliyakusanya alipokuwa akifungua shamba. Mashine ya kupandia ni nyembamba, Nestor huipitisha karibu kabisa na mawe. Mashine ya kupulizia ina mikono mirefu, kwa hiyo akifika pale huikunja na kupita mbali. Nilikwenda nikae juu ya mawe nifikiri.

Kuzunguka mawe palikuwa na ukanda mwembamba wa ngano ya kijivu-buluu, na kila jani lilikuwa limebeba shanga za maji zikimeta. Katikati ya ngano ile oti-mwitu ilikuwa imesongamana mpaka kifuani kwangu.

Hakuna mtu aliyeng'oa gugu lolote katika shamba hili. Kipande kisafi kilipuliziwa dawa, chote, ila pale ambapo mkono wa mashine haukufika.

Nilikata majani ya ukanda ule, nikakata na ya nje yake, hatua mbili tu, nikayatia kwenye barafu. Sikukata mengi. Niliyataka yaliyobaki yasimame pale pale mpaka niwalete wakulima wote na mtu wa kampuni wayaone kwa macho yao.

Nestor hakuwapo, amekwenda mjini kutafuta kipuri. Nilimweleza Mama hapa hapa mezani. Nilidhani atapigwa na butwaa. Alifuta meza, akafuta tena palipokwisha kufutwa.

"Labda ni makosa," akasema. "Trekta, kiza, mtu kachoka."

"Mama, aliniambia aling'oa kwa mkono."

"Nani mwingine anajua habari hii ya mawe?"

"Wewe tu."

"Basi usimwambie mtu. Kesho ni Jumapili. Mtaongea baada ya misa, kama ndugu."

Nimekubali. Nitalala hapa.

Jumapili, 8 Julai

Nimerudi Saskatoon. Naandika yote kabla hasira haijayageuza.

Baada ya misa nilikwenda mbio shambani na kamera, bado nimevaa nguo za kanisani. Rundo la mawe lilikuwa limenyolewa. Ngano yote iliyolizunguka, oti-mwitu yote, vimekatwa mpaka udongoni na kubebwa. Hata mabua hayakuachwa. Misa nzima Nestor hakuwapo kanisani. Mama alikuwa ameniambia ana homa.

Nilimkuta kwenye banda la mashine, mzima, anapaka grisi.

"Umekata."

"Nimefyeka magugu. Si ulitaka kisafi?"

"Nestor, niangalie."

Aliniangalia. Hakufunga macho safari hii. "Unataka nini, Dada? Niseme? Haya, nimepulizia. Jioni ile ile ulipoondoka."

"Kwa nini? Wewe ndiye uliyekuja kuniita!"

"Nilikuja Machi. Aprili Hollis akaja." Hollis ni mtu wa kampuni. "Akasema wanatafuta wakala wa kuuza dawa yao wilaya nzima. Mtu wa hapa, anayeaminika. Lakini hawawezi kumpa mtu wanayegombana naye. Hakuniambia nifanye chochote. Ilikuwa juu yangu kuelewa, nami nikaelewa."

"Na Teklia? Na Mzee Baran?"

"Baran ana wana wanne wa kumlimia. Mimi nina nani? Wewe ulichukua shule. Baba alikuuliza, unataka shamba au unataka shule, ukachukua shule. Mimi hakuniuliza mtu."

Hilo ni kweli. Limenichoma kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa miezi miwili alinitazama nikipima majani aliyokwisha kuyaharibu, akinichotea maji ya kunywa.

Ndipo nikauliza lile nililokuwa naliogopa. "Habari ya mawe umeipata wapi?"

Aliendelea kupaka grisi. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na leso yake ya kanisani, na yeye ndiye aliyejibu.

"Mimi nimemwambia. Na ile siku ya kupulizia nilimwona nikiwa dirishani. Wewe una mshahara, Orysia. Ikitoka ngano, isitoke, unakula. Huyu nisipomshika mimi anaanguka."

"Ulinilisha piroge, Mama. Ukaniambia ananipenda."

"Anakupenda," akasema. "Kwani nilidanganya?"

Jumatatu, 9 Julai

Sikwenda kazini.

Jumanne, 10 Julai

Nilishuka chini, maabara ya udongo. Verna alikuwa anachekecha. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake wawili, kwa sababu na mimi nilimtukana mlango ukiwa wazi. Nikamweleza majani niliyonayo kwenye barafu, machache, na kwamba nikiyapima mimi peke yangu hakuna atakayeniamini. Mimi ni dada wa Nestor.

Alichekecha mpaka udongo ukaisha kwenye chekeche.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usinikosee. Nakuja kwa ajili ya majani."

Ijumaa, 13 Julai

Verna amepima, mimi nikaandika. Majani ya kwenye mawe yana nta karibu mara mbili ya yale ya hatua mbili nje yake. Kwenye bamba la kioo doa la mafuta marefu liko kwa moja, kwa mwenzake ni kivuli. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sijapata kuwa sahihi nikajisikia vibaya hivi.

Jumatano, 18 Julai

Upepo wa joto umeanza.

Alhamisi, 19 Julai

Upepo.

Jumamosi, 21 Julai

Upepo. Mzee Baran amepiga simu: ngano ya Nestor imekuwa rangi ya karatasi, vipande vyote viwili. Anauliza hiyo maana yake nini. Nimemwambia nitasema ukumbini.

Alhamisi, 9 Agosti

Ukumbi ulijaa. Kina mama walikuwa upande wa jikoni na sufuria zao, Mama akiwa kati yao. Bwana Hollis alikaa mbele, mpole, tai yake imenyooka. Nestor aliketi nyuma yake, si kando ya wakulima. Nadhani wengi waliliona hilo kabla sijafungua mdomo.

Hollis aliuliza kwa adabu, "Daktari Palamar, vipande viwili vya jaribio lako vinatofautiana?"

"Havitofautiani."

Watu wakaguna. Teklia alishika paji la uso.

"Ahsante. Basi nadhani..."

"Havitofautiani kwa sababu vyote viwili vilitiwa dawa," nikasema. "Kipande kisafi kilipuliziwa jioni ya siku tuliyokipima. Aliyepulizia ni ndugu yangu, Nestor."

Nikaendelea. Nikaeleza mawe, shanga za maji, majani, alichopima Verna. Verna akasimama akasema, "Nimeyapima kwa mkono wangu. Ni hivyo alivyosema." Akaketi.

Nestor alisimama taratibu. Alikuwa na sauti ya huzuni nzuri. "Dada yangu amefanya kazi sana mwaka huu. Majaribio yake hayakutoa alichotaka. Simlaumu. Lakini jamani, mnanijua mimi."

"Tunakujua," Mzee Baran akasema, "ndiyo maana tunakuuliza. Umepulizia?"

"Sikupulizia."

Teklia akageukia jikoni. Yeye na Mama wamekuwa marafiki tangu wakiwa wasichana. "Jirani. Dirisha lako linatazama shamba lile. Umeona nini?"

Mama alikuwa ameshika mwiko. Alinitazama mimi kwanza, na kwa kitambo kidogo nilifikiri, sasa atasema. Kisha akasema, "Macho yangu hayaoni mbali siku hizi."

Akageuka akakoroga supu.

Hollis alisema anasikitika kuingia katika mambo ya familia, lakini majani machache kutoka mahali ambapo leo hapana kitu si jaribio. Kwa sheria yuko sawa. Ningekuwa mimi ninayesoma kazi ya mtu mwingine ningesema vivyo hivyo. Hakuna fidia. Watu walitoka bila kula. Teklia alinipita mlangoni akasimama.

"Nakuamini," akasema. "Lakini ungechagua shamba la mtu mwingine, mwanangu."

Verna ndiye aliyeendesha gari kurudi. Karibu na daraja alianza kuimba puani, polepole, akanitazama kama naudhika. Sikuudhika.

Jumamosi, 1 Septemba

Mavuno Kalyna. Sikuitwa. Sikwenda.

Jumapili, 16 Septemba

Mama amepiga simu. Tumeongea habari za hali ya hewa. Aliuliza kama nakula. Nilisema nakula.

Ijumaa, 28 Septemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya mchana. Baran ananiambia Nestor ameweka bango barabarani: wakala wa wilaya.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nestor amekuja leo, bila kupiga simu, akiwa na kofia mpya ya kampuni. Hakuivua mpaka alipoona naitazama. Nilimpa chai kwa sababu mikono yangu haijui kutompa chai.

Aliongea habari za Mama, magoti yake. Za trekta. Chai ikapoa. Amekonda.

"Mavuno yangu yalikuwa nusu," akasema hatimaye. "Nusu ya yale ya Baran. Yeye mwaka huu hakuitumia dawa." Akazungusha kofia. "Dada. Niambie ukweli. Mwakani niitie dawa ile shambani kwangu, au niache?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Hollis?"

"Jibu nililitoa ukumbini. Ulikuwapo."

"Ukumbini palikuwa na watu. Sasa tuko wawili." Uso wake ulikuwa ule ule aliokuja nao Machi, kofia mkononi. Hiyo ndiyo iliyonishinda: haukuwa na tofauti yoyote. "Mwaka mwingine kama huu na shamba la Baba limekwenda. Tafadhali."

Kisha nikamwambia. Nilimwambia usiitie, wala robo yake, ngano ile haiwezi kujifunika tena ikija joto. Ni shamba la Baba. Na ni ukweli. Siwezi kumdanganya mtu juu ya jani.

Alishusha pumzi, akasimama, akanikumbatia. Mlangoni akasema, "Haya yabaki kati yetu, eh? Nina wateja wameshaagiza. Hata Teklia ameagiza, oti-mwitu imemshinda."

Nilingoja gari lake likate kona. Nikampigia Mzee Baran.

"Mzee, mwakani Nestor hataitia dawa ile shambani kwake."

"Nani kakuambia?"

"Yeye. Alikuja kuniuliza hapa, sasa hivi. Nimemjibu, na amenisikia."

Nilisikia redio ya Baran na mbwa. "Na bado anawauzia watu?"

"Bado anawauzia."

"Alikuambia unieleze?"

"Aliniomba nisiseme."

Akazima redio. Alimjua Baba. Alikuwa akinipa nafasi ya kurudisha maneno yangu, nami nikaiona.

"Nimwambie nani mwingine, binti?"

"Wote," nikasema. "Anza na Teklia."